Viwanja Vitano na Vyumba Viwili

Shule ya Kamphenga, katika vilima vya Ntchisi, ilikuwa na jengo moja la matofali lenye vyumba vinne, na vyumba hivyo viliwatosha tu wanafunzi wa darasa la tano hadi la nane. Darasa la kwanza halikuwa na chumba. Lilikuwa na kivuli cha jengo, upande wa magharibi, na kivuli hicho kilipungua kadiri jua lilivyopanda. Saa moja na nusu asubuhi watoto walikaa wamenyoosha miguu. Ilipofika saa tatu walikuwa wamekunja magoti, na saa nne walikuwa wamegandamana ukutani kama mijusi, mia moja hamsini na wanane kwa hesabu, huku walio pembeni wakigombania upana wa kiganja kimoja cha ubaridi.

Mwalimu wao aliitwa Eneresi Kadzombe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye sauti ya chini na mwendo wa taratibu, ambaye mume wake alifanya kazi katika mashamba ya tumbaku huko Kasungu na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Watoto walimwita Madamu, kama walivyoitwa walimu wote wa kike. Hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mtoto. Jambo lililomtofautisha na walimu wenzake lilikuwa daftari lake. Alilipiga mistari kwa rula, akagawa kila ukurasa katika safu tatu: safu ya kwanza jina la mchezo, ya pili hesabu inayofundishwa na mchezo huo, na ya tatu majina ya watoto waliokwama na mahali walipokwamia. Kila alasiri, kabla ya kuchambua mboga za jioni, alijaza safu hizo.

Michezo hiyo ililetwa na jua. Karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na katika wiki moja tu darasa lake lilivimba kutoka watoto hamsini hadi hao mia na ushei. Ubao ulikuwa mmoja na vibao vya kuandikia ishirini na sita. Eneresi aliona kwamba mtoto aliyebanwa ukutani, asiyeuona ubao na asiye na kibao, hawezi kujifunza chochote isipokuwa kumfinya jirani yake. Basi kivuli kilipokwisha, badala ya kuwazuia aliwatoa. Aliwaambia, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba aliyepata jua lazima akimbie.

Huko uwanjani aligonga rimu kuukuu iliyotumika kama kengele ya shule, akataja namba, nao watoto wakakimbia kutafutana. Akisema tatu, walikumbatiana watatu watatu. Akisema nne, walivunja makundi na kujiunda upya, na wale waliobaki bila kundi walisimama pembeni na kujihesabu ni wangapi. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka sita alivyojifunza kugawanya na kubakiza kabla hajajua kwamba jambo hilo lina jina. Kulikuwa na rede pia. Wawili walirusha mpira wa mifuko ya plastiki, naye wa katikati aliukwepa huku akijaza mchanga kwenye kikopo, na kila konzi ilihesabiwa na wote waliokuwa wakitazama, wakijua kwamba ikizidishwa hata konzi moja katika hesabu, mpira unahama mikono.

Lakini mchezo alioutegemea zaidi ulikuwa phada, ule wa kuruka kwa mguu mmoja juu ya vyumba vilivyochorwa ardhini. Alikuwa ameuona katika kitabu cha chuo cha ualimu umechorwa kama ngazi ndefu, vyumba kumi vilivyofuatana, vyote sawa, kila kimoja na namba yake. Akauchora hivyohivyo kwa majivu. Mtoto alirusha kigae, akaruka huku akitaja chumba baada ya chumba, akainama kukiokota, akarudi akihesabu kinyumenyume. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na mtoto aliyeshindwa kuhesabu hadi kumi na kurudi hadi moja. Mwalimu mkuu, Bwana Chimombo, aliyezoea kusikia darasa la kwanza likiimba namba kama wimbo wa mazishi, alisimama dirishani na kusahau kwamba alikuwa anafundisha jiografia.

Eneresi aliona kasoro moja tu. Watoto wengi walipofika chumba cha tano walishusha mguu wa pili, wakatulia kidogo, ndipo wakaendelea. Yeye aliihesabu tabia hiyo kuwa uvivu. Alikuwa akiwaambia, kwa upole, wasilale njiani, na alasiri aliandika majina yao katika safu ya tatu. Baada ya muda orodha ya waliokwama kwenye tano ilijaza kurasa mbili.

Muhula wa kwanza uliisha wiki moja kabla ya Krismasi. Siku ya kufunga shule Kamphenga ilikuwa siku ya wazazi wote. Matokeo yalisomwa hadharani, jina kwa jina, na mtoto aliyefaulu alitandikiwa kitenge apite juu yake, huku shangazi zake wakimpaka unga usoni. Aliyeshindwa alirudi nyumbani na vumbi lake. Mwalimu mkuu ndiye aliyetunga mtihani wa darasa la kwanza. Alichora maboga ubaoni, akawaita watoto kwa makundi, akawataka wayahesabu kwa sauti kisha waandike namba.

Walihesabu vizuri bila kuruka hata boga moja. Kisha wakaandika. Penye maboga saba, watoto tisini na mmoja kati ya mia moja hamsini na wanane waliandika 52. Penye sita waliandika 51, na penye tisa, 54.

Kwa kuwa katika lugha ya Wachewa hesabu huishia kwenye vidole vya mkono mmoja kisha huanza upya, saba huitwa tano na mbili, na tisa huitwa tano na nne. Kila mtoto alikuwa ameandika alichokitamka, tano kwanza, kisha mbili. Madarasa ya miaka iliyotangulia hayakuwahi kufanya kosa hilo, kwa sababu yalinakili sura ya 7 kutoka ubaoni mara mia mbili, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanajua ni maboga mangapi.

Miongoni mwa walioshindwa alikuwemo Zelifa, mtoto wa miaka saba aliyeruka phada vizuri kuliko wote. Babu yake, Mzee Mphonde, alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya shule, na alikuwa amekuja na kitenge kipya alichokipinda mwenyewe. Jina la mjukuu wake halikusomwa. Mkewe alikikunja kitenge kile polepole, pembe kwa pembe, na mtu mmoja nyuma yao akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Mjukuu wa mwenyekiti amefaulu kuruka. Mpeni kamba."

Kamati iliitishwa kesho yake, na Eneresi akaitwa. Mzee Mphonde hakuwa mtu wa makelele. Aliweka kofia yake juu ya goti, akamtazama mwalimu kama anayepima kitambaa.

"Madamu," alisema, "mtoto anayecheza tunaye nyumbani. Hatukumleta hapa aje kucheza tena."

Wajumbe waliafiki kwa miguno. Shauri lililopendekezwa lilikuwa rahisi: darasa la kwanza lirudishwe ukutani na kupewa Bwana Kalilombe, mwalimu wa darasa la tano aliyesifika kwa ukimya wa wanafunzi wake, na Madamu Eneresi achukue nafasi yake ndani ya jengo. Bwana Kalilombe, ambaye alikuwepo, hakujinyima nafasi ya kutania.

"Mimi nitawafundisha saba kwa siku moja," alisema. "Fimbo yangu inajua kuhesabu hadi mia."

Walicheka. Wengine wangeliona lile badiliko kuwa bahati, kwa maana chumba chenye paa na watoto sitini si jambo la kudharauliwa. Eneresi aliliona kwa namna nyingine. Alifikiri kwamba watoto tisini na mmoja waliokosea kwa namna moja hawakukosea kwa uzembe. Walikuwa wamefuata kanuni, na mwenye kufuata kanuni anaweza kuongozwa. Akipewa Kalilombe darasa lile, wataandika 7 kabla ya mwezi kwisha, na hakuna atakayejua tena walikuwa wanafikiri nini.

"Mmesema kweli, baba zangu," alijibu. "Wameshindwa, nami ndiye niliyewafundisha. Ila bado sijajua wameshindwa mahali gani. Nipeni muhula mmoja nipajue."

Walibishana kwa muda. Mwalimu mkuu aliyakumbuka yale aliyoyaona dirishani, akamtetea kidogo. Mwishowe Mzee Mphonde akakata shauri kwamba apewe hadi siku ya kufunga shule kabla ya Pasaka. Watoto wakiandika tena hivyo, uwanja utafungwa na yeye ataingia ndani ya jengo, bila mjadala mwingine.

Likizo ile Eneresi aliitumia kuyapanga makaratasi ya mtihani juu ya mkeka. Aliyatenga kwa aina ya kosa. Kutoka moja hadi tano hapakuwa na kosa la kutajwa. Kuanzia sita kwenda mbele lilikuwa ni kosa lilelile moja. Aliyatazama siku tatu, akajua tatizo lilipoanzia, lakini hakujua namna ya kulishika.

Siku ya nne alikwenda kuteka maji. Foleni ya ndoo bombani ilikuwa ndefu, na wasichana waliotumwa maji walikuwa wamejichorea phada yao pembeni, penye udongo uliolowa. Zelifa alikuwa anaruka. Eneresi alitazama kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, na ndipo alipogundua kwamba phada ya watoto haikufanana na yake. Chumba cha tano kilikuwa kipana kama viwili. Kila aliyekifikia alishusha miguu yote, akapumua, akaruka tena akianza: tano na moja, tano na mbili.

Alisubiri hadi zamu ya Zelifa iishe.

"Mama, kwa nini mnasimama pale kwenye tano?"

Zelifa alimtazama kwa mashaka, akidhani anakaripiwa hata wakati wa likizo.

"Mkono umejaa, Madamu."

"Ukijaa ndiyo inakuwaje?"

"Si unauweka chini kwanza? Huwezi kubeba vingine na mkono umejaa." Akageuka kumwambia mwenzake, ambaye alikuwa anachukua fursa ile kusogeza kigae, "Wee, nakuona. Kirudishe."

Eneresi alijaza ndoo yake, akaibeba hadi nyumbani, akaifunika. Kisha akalifungua daftari na kuzisoma zile kurasa mbili za watoto waliokwama kwenye tano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwama. Kwa miezi mitatu alikuwa akiwaharakisha wapite mahali pekee ambapo hesabu yao iliwekwa sawa, na alikuwa amefanya hivyo kwa sababu kitabu kilichora vyumba kumi vilivyo sawa. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya majina yote, na chini yake akaandika: Kosa ni la mwalimu. Hakulichana karatasi lile.

Muhula wa pili ulianza na mvua. Majivu hayakudumu hata saa moja juu ya ardhi ile, na mistari ya kijiti ilijaa maji. Eneresi alikwenda kwenye tanuri la kijiji, akaomba matofali yaliyovunjika wakati wa kuchomwa, na kwa jioni sita, akisaidiwa na yeyote aliyepita, aliyachimbia ardhini hadi vichwa vyake vikawa sawa na nyasi. Safari hii alifuata phada ya bombani. Chumba cha tano kilikuwa kipana, nacho kikaitwa Mkono. Chumba cha kumi kilikuwa kipana vilevile, nacho kikaitwa Mikono.

Mtoto alipofika Mkono alitulia kadiri alivyopenda. Akipiga hatua mbili zaidi, mwalimu alimuuliza yuko wapi, naye alijibu, tano na mbili. Ndipo alipompa kibao kidogo chenye alama ya 7 na kumwambia kwamba hilo ndilo jina la mahali aliposimama, mkono mzima na vidole viwili kwa pamoja, kama vile mama na mtoto mgongoni wanavyopita mlangoni mara moja. Baadhi walielewa siku ileile. Wengine waliipokea 7 kwa adabu, wakarudi kuandika 52.

Zelifa alikuwa katika kundi hili la pili. Katika wiki ya tano ya muhula bado aliandika alivyotamka, wala hakuona kwa nini asifanye hivyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ilipokuwa imepumzika, Mzee Mphonde alifika uwanjani akisukuma baiskeli yake. Alisema anapita tu. Aliiegemeza kwenye nguzo ya goli, akatazama rede, akatazama makundi, kisha akamwita mjukuu wake kwa lile jina la utani ambalo babu wa pale humwita mjukuu wa kike.

"Mke wangu, njoo. Hebu niandikie saba hapa chini."

Zelifa aliokota kijiti na kuandika, bila kusita, 52.

Mzee hakufurahi kuwa amethibitishwa. Alionekana kama mtu aliyeshona suruali ikamkataa mwenye nayo. "Madamu, unaona mwenyewe," alisema. "Muhula uko katikati. Mimi nitawaambia nini wenzangu?"

Eneresi alitazama namba ile mchangani. Alikuwa amejaribu kumwonyesha mtoto 7 ni nini. Hakuwa amemwonyesha 52 ni nini. Jambo hilo lilimjia hapo, babu akiwa amesimama na watoto wameanza kukusanyika, na hakuwa na nafasi ya kuliandika daftarini kwanza kama alivyozoea.

"Zelifa," alisema, "niliyoiandika mimi kwenye kibao ni saba. Hiyo yako ina mahali pake pia. Unataka kwenda kupaona?"

"Ndiyo, Madamu."

"Basi ruka. Sisi tutakuambia ukifika. Kila kiwanja kikiisha, vyumba vyote kumi, badilisha mguu."

Zelifa aliruka. Alipita moja hadi tano, akatulia Mkono, akapita hadi kumi, akatoka upande wa pili. Eneresi alimpa mtoto aliyekuwa karibu kipande cha tofali akiweke chini: kiwanja kimoja. Zelifa akarudi mwanzo. Kwenye chumba cha pili cha safari ya pili aliinua macho, akitegemea kuambiwa amefika.

"Bado," Eneresi alisema.

Kipande cha pili kikawekwa. Sasa darasa lote lilikuwa linahesabu naye, na katika madirisha ya jengo vichwa vya wanafunzi wa darasa la tano vilianza kuonekana, kimoja baada ya kingine, hadi kichwa cha Bwana Kalilombe mwenyewe. Kipande cha tatu. Zelifa alikuwa anapumua kwa mdomo. Mtoto mmoja alimwambia aseme tu ameshindwa wakanywe maji, naye akamjibu kwamba anayeshindwa ni mama yake aliyemzaa na miguu ya bata. Kipande cha nne. Mzee Mphonde alikuwa ameiacha baiskeli na kusogea hadi ukingoni mwa matofali, mikono mgongoni, akiinama kila mjukuu wake alipotua.

Kipande cha tano kiliwekwa. Zelifa alirudi mwanzo akichechemea, akaruka kimoja, akaruka cha pili.

"Hapo," Eneresi alisema. "Hapo ndipo ulipoandika."

Zelifa alisimama kwa miguu miwili katika chumba cha pili, jasho likimtoka. Alitazama vyumba viwili alivyoruka. Kisha alitazama vipande vitano vya tofali vilivyopangwa pembeni, akavitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kwa maana alikuwa mtoto asiyetulia. Babu yake alifungua kinywa kusema jambo, lakini Eneresi alimwomba kwa mkono asubiri kidogo.

"Babu," Zelifa alisema hatimaye, "hii si tano na mbili. Hii tano ni viwanja." Alionyesha matofali. "Viwanja vitano, vizima. Halafu mbili."

"Na maboga ya mwalimu mkuu?" Eneresi aliuliza.

"Yale hata kiwanja kimoja hayafiki."

Alitoka, akatembea hadi pale alipoandika, akaifuta 52 kwa unyayo na kuandika 7. Ilikuwa imegeukia upande mwingine, lakini ilikuwa tarakimu moja, si mbili. Mzee Mphonde aliichungulia, akavaa kofia yake, akaenda kuchukua baiskeli. Alipofika kwenye goli alirudi hatua chache na kumuuliza mwalimu, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, kama tisini na moja nayo inarukika. Eneresi alimwambia inarukika, lakini si kwa mtoto mmoja.

Kuanzia siku ile namba kubwa zilirukwa kwa zamu. Mtoto mmoja aliruka kiwanja kizima, mwingine akapokea, na waliosubiri walilinda vipande vya tofali dhidi ya wizi, kwa maana ilidhihirika mapema kwamba kipande kimoja kikihamishwa, namba yote inaharibika. Eneresi alibuni mengine na kuyatupa yaliyoshindikana. Safu yake ya tatu ilibadilika pia: hakuandika tena tu mahali mtoto alipokwamia, aliandika na sababu iliyotolewa na mtoto mwenyewe. Sababu nyingine zilikuwa za kuchekesha na nyingine zilimkosesha usingizi wa mchana, lakini aliziandika zote.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alichora maboga tena. Kati ya mia moja hamsini na saba waliofanya mtihani, watoto wanne waliandika 52. Kumi na tisa waligeuza 7 au 9 mgongo kwa uso. Mmoja aliandika namba zote sawasawa, kisha akachora nyuso kwenye maboga. Mwandiko wao kwa ujumla ulikuwa mbaya, mbaya kuliko wa darasa lolote Bwana Chimombo alilolikumbuka, na alilisema hilo hadharani bila kuficha. Kitenge cha Mzee Mphonde kilitandikwa. Zelifa alipita juu yake akiruka kwa mguu mmoja, jambo ambalo bibi yake aliliona kuwa ukosefu wa heshima na hakuacha kulitaja hadi jioni.

Kamati ilikaa alasiri ileile. Eneresi aliambiwa asubiri nje, akasubiri, akichambua karanga alizokuja nazo ndani ya ungo. Alipoitwa, mjumbe mmoja alikuwa bado anashikilia kwamba shule si uwanja wa ngoma. Bwana Kalilombe alisema, safari hii bila kucheka, kwamba wanafunzi wake wa darasa la tano walimuuliza tano ya hamsini na mbili ni ya nini, naye akagundua kwamba hajawahi kuwaambia. Alikuwa mtu wa fimbo lakini hakuwa mwongo.

Mzee Mphonde alisubiri wote wamalize.

"Mimi nimeshona miaka thelathini," alisema. "Nikimpima mtu, naandika namba, nakata. Sijawahi kuiona namba ikitoka jasho." Akamgeukia mwalimu. "Madamu, kaa nao. Ila Ijumaa warudi ukutani, waandike. Mwandiko ule hata mimi siwezi kuupiga pasi."

Eneresi aliona kwamba sharti lile lilikuwa la haki. Hakuwa amejali mwandiko, na alijua. Alishukuru, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, lakini hakuondoka. Alisema ana ombi. Watoto walimwambia kwamba nyumbani wakiruka wanafukuzwa waende wakafagie, na kwamba hakuna mtu mzima anayejua wanachokifanya. Aliomba wazazi watakaopenda waje asubuhi moja kabla shule haijafunguliwa, waruke wao wenyewe.

Mjumbe yule wa ngoma aliuliza kama mwalimu anadhani mtu mwenye wakwe anaweza kusimama kwa mguu mmoja hadharani. Mwingine aliuliza kama kutakuwa na togwa. Ndipo bibi yake Zelifa, ambaye hakuwa mjumbe na alikuwa ameingia tu kumletea mumewe koti, akasema kutoka mlangoni kwamba alipokuwa msichana hakuna aliyemshinda phada kutoka pale hadi mtoni, na kwamba wenye miguu ya kukaa wakae.

Asubuhi iliyopangwa walikuja watu wazima kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili, mmoja wao akiwa Mzee Mphonde aliyesema anapita tu. Eneresi aliwasalimu mmoja mmoja, akaandika majina yao katika daftari, akawapanga mstari kwa kimo, kama anavyopangwa mwanafunzi yeyote, na kumpa wa kwanza kigae.